Unataka Baa ya Besimenti Kejani Kitengela? Kwanza Niambie Maji Yataenda Wapi

Wacha tuseme ukweli. Hizo video za Wamarekani wakishuka ngazi za nyumba zao, wanafungua mlango, taa za bluu zinawaka, friji imejaa, meza ya pool iko katikati, zimekuharibu akili. Hata mimi ziliniharibu. Unaziangalia saa sita usiku ukiwa kwa kitanda, unafikiria ile ploti yako ya Kitengela ama ile nyumba mzazi anajenga Isinya, unajiambia: hata sisi tutachimba. Mabeshte watakuja kwangu kucheki gemu, hakuna bei ya baa, hakuna kukimbizana na matatu ya mwisho, hakuna alkoblow.

Sijakuja kukukataza. Nimekuja kukuambia zile vitu fundi hatakuambia ju anataka kazi. Na nazijua ju nilikuwa ndani ya hilo shimo na koleo mkononi.

Ilikuwa 2020. Corona ilifunga college nikiwa mwaka wa pili, karo ikageuka chakula, na college ilipofunguliwa mimi sikurudi. Anko wangu alikuwa anajenga upande wa Milimani, Kitengela, akaniambia badala ya kulala kwa mathe nikuje mjengo niwe mtu wa mkono. Mia sita kwa siku na githeri ya saa saba. Sasa kumbuka ule mwaka ulikuwa aje: baa zilifungwa Machi na hazikufunguliwa hadi mwisho wa Septemba. Watu walikuwa wanakunywa bia kwa vikombe vya chai ndani ya hoteli wakijifanya wanapuliza moto. Anko ni mtu wa heshima zake, hiyo maisha ikamshinda. Siku moja akasimama kando ya msingi, akaangalia vile tumechimba, akasema, "Kijana, hii shimo yote tunairudishia mawe ya nini? Si tuweke baa?"

Na hapo ndipo stori ya besimenti za Kitengela huanzia.

Majuu watu wako na besimenti kwa sababu ya baridi. Huko ardhi huganda wakati wa baridi, na msingi lazima ushuke chini ya ile sehemu inaganda, la sivyo barafu itainua nyumba. Sasa kama tayari umechimba mita moja na nusu ama mbili, unamalizia tu, unapata chumba. Kitengela hakuna kitu inaganda isipokuwa kuku kwa friza. Sisi tunachimba kwa sababu nyingine: black cotton.

Kama umewahi kutembea Kitengela mwezi wa nne na kiatu kimoja kikabaki nyuma, huo ndio udongo naongelea. Ni mfinyanzi mweusi ambao ukinywa maji unafura na ukikauka unanywea. Nenda Korompoi mwezi wa pili uangalie ardhi, utapata nyufa unaweza kuingiza mkono. Rudi mwezi wa nne, nyufa zimefunga na ardhi imepanda. Ukijenga juu ya hiyo kitu, nyumba yako inapumua na wewe. Ndio maana fundi mwenye akili huitoa yote hadi afikie maramu ama mwamba, halafu anajaza mawe. Kina hutofautiana kutoka ploti hadi ploti, jirani anaweza kugonga mwamba kwa futi tatu na wewe uko futi saba bado unatoa keki nyeusi.

Kwa hivyo wazo la Anko halikuwa la ujinga. Shimo lilikuwepo, pesa ya kulichimba ilikuwa imeshaenda. Tatizo ni kwamba hakujiuliza kile shimo ni nini machoni mwa maji.

Fikiria hivi. Black cotton ikishafura, maji hayapiti kirahisi. Mwamba chini nao haunywi haraka. Katikati umechimba kisanduku, ukajenga kuta, halafu pale kando ya kuta, ile nafasi mafundi walikuwa wanasimama, umerudishia udongo uliochimbua ambao sasa umelegea. Mvua ikinyesha, maji yote ya ploti yanatafuta mahali pamelegea. Umejenga sufuria, na nyumba yako imekaa ndani yake. Halafu huo udongo uliorudishia ukifura unasukuma ukuta kutoka kando, mwaka baada ya mwaka, hadi ukuta wa mawe unapata mstari wa kulala katikati. Ukiona ufa wa kulala kwa ukuta wa besimenti, usipake plasta. Ita injinia.

Sasa vile inafaa kufanywa, na hapa wacha nikae kidogo ju ndio sehemu kila mtu huruka akikimbilia taa za bluu.

Ukuta unaoshikilia udongo si kazi ya mawe ya kawaida na simiti. Ni konkriti yenye vyuma, na saizi ya vyuma inaamuliwa na injinia aliyesajiliwa, si fundi anayepima na kidole. Kizuizi cha maji kinawekwa upande wa nje wa ukuta, pale maji yanatoka, kabla udongo haujarudi. Watu wengi hupaka ile rangi ya kuzuia maji ndani ya chumba baada ya kuona unyevu. Hiyo ni kama kuvaa koti la mvua chini ya shati. Maji yanasukuma kutoka nyuma, rangi inafura kama malengelenge, halafu inabanduka na chumvi nyeupe inabaki kwa ukuta.

Nje ya ukuta, pale chini kabisa, unalaza paipu yenye matundu ikizungukwa na kokoto, na unarudishia kokoto ama maramu, sio ile black cotton uliyotoa. Hiyo paipu lazima iende mahali. Kama ploti yako ina mteremko, unaipeleka chini maji yatoke yenyewe. Kitengela kwenyewe ni tambarare, kwa hivyo mara nyingi haina pa kwenda, na hapo unachimba kishimo cha kukusanyia maji kwa kona ya besimenti, unaweka pampu yenye swichi inayoelea, maji yakipanda inawaka yenyewe. Poa sana. Lakini niambie, stima ya Kitengela hupotea lini? Exactly. Inapotea mvua ikianza. Kwa hivyo hiyo pampu inataka betri yake na inverta yake. Kama bajeti yako haina betri ya pampu, huna bajeti ya besimenti, endelea kutazama video.

Wale mko Ngong, Kiserian, ama ploti zinazoshuka kuelekea korongo la Mbagathi, nyinyi mna bahati. Huko unaweza kupata chumba cha chini ambacho upande mmoja uko wazi kabisa, mlango unafunguka kwa bustani, jua linaingia, maji yanatoka yakitembea. Hiyo ndio besimenti bora zaidi kaunti hii na mara nyingi mwenyewe ameifanya stoo ya mbao na matairi.

Na kama nyumba imeshasimama na haina besimenti, tafadhali usimwite mtu akuchimbie chini ya sebule. Tumeelewana? Ukishachimba chini ya msingi uliosimama, umeanza kazi nyingine tofauti kabisa na baa.

Kwa wale tayari mna chumba cha chini, na mnataka tu kukigeuza, kuna jaribio la bei ya chapo mbili. Chukua karatasi ya nailoni ya karibu sentimita 45 kwa 45, ibandike na seloteipu pande zote nne, moja kwa ukuta, nyingine kwa sakafu. Iache siku moja mchana na usiku. Ukipata maji nyuma ya karatasi, yanatoka kwa ukuta. Ukipata mbele, ni hewa ya chumba tu, inataka kupitishwa. Fanya hiyo kitu wakati wa mvua, sio mwezi wa pili wakati hata mamba anatafuta maji. Anko alifanya yetu Januari. Ilikuwa kavu kama biskuti. Akacheka.

Halafu angalia paa. Hii ndio dawa ya bei rahisi kuliko zote. Paa la mita mraba 100 likipata milimita 50 za mvua linamwaga lita 5,000. Lita elfu tano, na kama huna gata zote zinaanguka pembeni ya ukuta wako, pale pale pamelegea. Na kinachonichekesha ni kwamba mwaka mzima sisi watu wa Kitengela tunanunua maji ya gari, ya kisima yana chumvi hadi chai inakuwa supu, halafu mvua ikikuja tunaiacha iingie besimenti. Weka gata, weka tangi, na ile inazidi iongoze mbali na nyumba.

Jambo lingine ambalo hakuna video itakuonyesha: choo. Mabeshte wakikunywa watataka choo, na hutaki wapande ngazi kila saa. Sasa shimo la choo lako liko juu ama chini ya sakafu ya besimenti? Kitengela sehemu kubwa ni matangi ya maji taka na gari la kunyonya, hakuna laini ya kaunti mlangoni. Kama paipu ya kuingia kwa hilo tangi iko juu ya sakafu ya baa yako, uchafu hauwezi kupanda mlima peke yake, unahitaji pampu maalum ya kuusukuma. Na tangi likijaa, guess inarudi wapi. Sitasema zaidi, pengine unakula.

Okay. Anko hakufanya hata nusu ya hizo. Kuta zilikuwa mawe, plasta ndani, rangi ya kuzuia maji kopo mbili, mawe na black cotton nje. Alichukua lonu ya sacco, akaweka kaunta ya MDF yenye karatasi ya kung'aa kama marumaru, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, sofa ya ngozi feki, TV ya inchi 55, spika mbili za kusimama. Manze ilikuwa imeweza. Tuliifungua Desemba 2021 na hadi leo nina picha. Miaka miwili ilikaa fiti, kulikuwa na harufu kidogo ya soksi lakini tukasema ni mabinamu.

Halafu ikaja mvua ya 2024. Unaikumbuka. Mwisho wa Aprili na kuingia Mei, mto ulivimba huku Athi River na Kitengela hadi watu wakaokolewa kutoka kwa nyumba zilizozungukwa na maji. Kwa Anko mto haukufika. Maji yalitoka chini. Asubuhi moja akashuka ngazi, mguu wa mwisho ukaingia ndani ya maji hadi goti. MDF ilikuwa imefura kama mandazi, sofa imekunywa, na soketi zilikuwa sentimita chache juu ya sakafu, ndani ya maji, stima ikiwa imewaka. Alirudi nyuma kwa sababu aliona kidude kimoja kinatoa mapovu. Hiyo tu. Kama angeteremka na simu akipiga picha, hii ingekuwa habari nyingine. Weka soketi mita moja juu ya sakafu, na mwambie fundi wa stima aweke ile swichi inayokata ikihisi stima inavuja kwenda ardhini. Na ukikuta maji, zima mein ukiwa juu, kwanza.

Lakini hiyo bado si ile sehemu inaniamsha usiku.

Tuliondoa maji kwa ndoo na pampu ya kukodi, siku mbili. Chumba kikabaki kimeloa. Kukawa baridi, harufu, kuta zinatoa jasho. Jioni ya siku ya tatu Anko akasema tukaushe. Akawasha jiko mbili za makaa nje, zikashika vizuri, hakuna moshi, tukazishusha. Tukafunga mlango ili joto lisitoke. Tukakaa, mimi, Anko na binamu yangu wa miaka 17, tukipiga stori kwa viti vya plastiki. Kulikuwa na nusu chupa imeokoka kwa friji.

Baada ya kama saa moja hivi kichwa kilianza kuniuma. Nikadhani ni ile pombe. Anko naye akasema anasikia kizunguzungu, tukacheka, tukamwambia amezeeka, glasi moja tu imemlewesha. Binamu yangu alikuwa amenyamaza kwa kona. Tulifikiri amelala. Nilipoinuka kwenda choo miguu haikuwa yangu, nikashika ukuta, na sijui ni nini ilinifanya nifungue mlango. Hewa iliponipiga usoni nikajua. Nikarudi. Tulimvuta dogo na mashati kupanda ngazi kumi na moja, mimi na mzee ambaye mwenyewe alikuwa anaanguka. Hakuwa amelala. Aliamka hospitali akiwa na maski ya oksijeni, na alitapika hadi asubuhi. Leo yuko sawa, anasoma, na hanipigii simu nisipompigia, lakini hiyo ni binamu wote.

Kwa hivyo nisikize vizuri. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, yaani damu inabeba sumu na kuacha hewa. Moshi kuisha hakumaanishi sumu imeisha, makaa mekundu mazuri ya kuchoma nyama ndiyo yanayoitoa kimya kimya. Na dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea. Sasa niambie ni wapi hizo dalili zitachukuliwa kuwa kitu kingine? Kwa baa. Kila mtu atasema msee amelewa, mwacheni alale. Besimenti ya sherehe ndiyo mahali pabaya zaidi duniani pa kupata hiyo sumu, kwa sababu hakuna atakayeishuku.

Jiko lisishuke. Jenereta isishuke, hata karibu na dirisha la besimenti isikae, moshi wake unaingia. Na mtungi wa gesi pia usishuke, hiyo ni hesabu tofauti: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kulala sakafuni kama maji, na besimenti haina mlango wa chini wa kuitoa. Mtu akiwasha sigara, mmeenda. Choma nyama juu, shuka nayo kwa sinia. Kuna kengele ndogo za kaboni monoksaidi, ni kama za moshi, nunua moja kabla ya kununua spika. Na chumba kiwe na matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, pande tofauti, pamoja na njia ya pili ya kutoka mbali na ngazi. Dirisha ambalo mtu mzima anaweza kupita linatosha. Lile la kwetu lilikuwa na grili imechomelewa. Anko anaogopa wezi.

Tumemaliza yale mazito, sasa tuongee kuhusu baa yenyewe, najua ndio ulikuja.

Kaunta nzuri inakuwa na urefu wa sentimita 105 hadi 110, na stuli za karibu 75. Kila msee mpe sentimita 60 za kaunta, asikae akimgusa mwenzake na kiwiko. Nyuma ya kaunta acha sentimita 90, la sivyo mlango wa friji ukifunguka wewe unatoka. Miguu ya kaunta ijenge kwa mawe ama terazo, juu weka mbao ngumu ama jiwe, na MDF uiachie watu wa ghorofa ya tano. Na hapa Kajiado tuko na ubabi wa bure: marumaru inachimbwa kaunti hii hii, karibu na Kajiado mjini. Si lazima ununue bamba zima. Uliza vipande vilivyobaki, fundi mzuri wa terazo anaweza kukupangia hadi wageni wafikiri umetoa Italia.

Taa je? Kuna Kitengela Glass, ile mahali iliyoanzishwa na Nani Croze kando ya Nairobi National Park, ng'ambo ya korongo lenye daraja la kuning'inia. Wanayeyusha vioo vilivyotupwa, chupa na madirisha, wanatoa glasi na mapambo ya rangi. Enda hata kama hununui, uibe wazo: vipande vya kioo cha rangi vilivyoshikwa kwa konkriti, taa nyuma yake. Besimenti haina jua, kwa hivyo ukuta wa namna hiyo unabadilisha chumba kuliko waya za taa za bluu ambazo zinakufa baada ya miezi mitatu. Na chupa zako tupu hatimaye zitakuwa na kazi.

TV, usinunue kubwa kuliko chumba. Inchi 55 inataka kiti kikae kama mita mbili nyuma. Projekta ni tamu besimenti ju kuna giza la bure.

Sauti sasa. Nimeona wasee wakibandika trei za mayai ukutani wakiamini zinazuia kelele. Hazizuii. Zinapunguza mwangwi kidogo tu ndani ya chumba, na zikishika moto ni karatasi, zinakimbia. Magodoro ukutani ni mabaya zaidi, yakiungua yanatoa moshi wa kuua. Kinachozuia sauti ni uzito, na wewe umezungukwa na mawe na udongo, tayari uko mbele ya kila klabu Namanga Road. Sauti yako itatoka kwa mlango, dirisha na slabu ya juu. Weka mlango mzito wenye mpira pembeni, na wufa usiikalishe moja kwa moja sakafuni, iwekee mpira chini. Kwa taarifa yako, kanuni za kelele za NEMA za 2009 zinasema usiku, yaani kutoka saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa kuishi usizidi desibeli 35. Hiyo ni karibu na mnong'ono. Hakuna mtaa unaufikia, lakini jirani mwenye hasira anaijua hiyo namba.

Na usianze kuuzia mabeshte. Najua vile inaanza: "Kila mtu atoe soo mbili za friji." Ukiuza pombe bila leseni umevunja Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu huita ya Mututho, na kejani kwako si kisingizio. Hata mwenye leseni ya baa ya kawaida huuza kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane mchana. Mwambie kila mtu aje na yake, hapo uko sawa. Na DStv ya nyumbani ni ya nyumbani, ukianza kulipisha kiingilio umegeuka biashara.

Makaratasi ya mjengo nayo siyo ya kuruka. Kuchimba chumba kipya ama kubadilisha muundo kunahitaji michoro ya msanifu na injinia waliosajiliwa, kibali cha kaunti, na mradi usajiliwe na NCA. Kenya ilikuwa inajenga na kanuni za 1968 hadi juzi tu, sasa kuna Kanuni ya Kitaifa ya Majengo ya 2024. Ni usumbufu, eeh. Lakini ukipata injinia wa kuchora vile vyuma, angalau kuna mtu mwingine anayelala vibaya mvua ikinyesha.

Anko alirudia yake 2025. Walichimba nje upande mmoja kwa wakati mmoja, wiki baada ya wiki, injinia akisimama hapo kama askari. Ukuta uliokuwa na ufa wa kulala ulijengewa konkriti. Paipu ya matundu, kokoto, kishimo cha pampu kwa kona, betri. Pesa iliyoingia chini ya ardhi ilikuwa kubwa kuliko ya kila kitu unachoweza kuona, na ndiyo maana kaunta ya sasa ni mbao za mjengo zilizopigwa randa. Sofa ni benchi. Grili ya dirisha imekuwa ya kufunguka kwa ndani. Kwa mlango wa ngazi, dogo ameandika na chokaa: JIKO HALISHUKI.

Jina Kajiado, wazee wa Kimaasai hukuambia, linatokana na Olkejuado, mto mrefu. Anko hupenda kutaja hiyo siku hizi, kama vile alikuwa anajua.

Bado tunaenda huko gemu ikiwa kali. Tukiwa kwa benchi na sinia ya nyama iliyochomwa juu, mvua ikianza kugonga, Anko huchukua rimoti na kuzima sauti ya TV, hata kama ni penalti. Sote tunanyamaza, tunaangalia ile kona, tunasikiza kama pampu imewaka.